Sura ya Sita: Rozari Moja Mafigani

Siku ile mjinga kambini alikuwa mmoja tu, na ndiye aliyesoma kuliko wote. Mpelelezi mwenye akili zake akiona ushahidi huutia kwenye chupa, akaifunga kwa kizibo na kuipeleka Mbeya kwa daktari. Lutengano aliula kwa kijiko.

Aliula asubuhi, mbele ya watu wote wa kambi ya barabara juu ya mgongo wa milima ya Uporoto. Walikuwa wamekaa chini wamejifunika mablanketi, nyuso zimewapauka kijivu kama majivu ya jana. Adhuhuri ya siku iliyotangulia walikula maharage, na kabla jua halijapinda walikuwa wakitapika nyongo. Wengi walikuwa wameanza kusimama. Fanueli, mpasua mawe, hakusimama. Alilala hemani akikoroma kwa namna isiyokuwa ya usingizi, na kila aliyepita pale alipunguza hatua kusikiliza kama bado anakoroma.

Mpishi, mama Apolonia wa Ipogolo, alikaa kando ya mafiga yake. Mikono yake ilifungwa kwa kamba ya hema.

Lutengano na Sajini Ambrosi walikuwa ndiyo kwanza wameshuka kwenye lori kutoka mjini. Sajini alileta pingu. Lutengano, fundi mkuu wa barabara hiyo ambaye wapiga sururu walimwita Injinia kwa heshima na kwa dhihaka kwa zamu, alileta maneno.

"Watu wazima mnaogopa maharage?" alisema, akafunua sufuria kubwa iliyokuwa bado na mabaki, akanusa. Hayakuwa yamechacha. Baridi ya huko juu hulinda chakula kuliko kabati. "Nikianguka, mama huyu ana kesi. Nisipoanguka, mfungueni atuchemshie chai."

"Injinia, acha," Sajini alinong'ona.

"Acha nini? Mimi nawajua hawa. Wakiona mtu anameza, roho zinatulia."

Akameza vijiko kadhaa, akajipangusa mdomo, akawatania waliokuwa karibu. Chai ilipoletwa, ile chai yao ya kila siku isiyokolea hata uikalie, alikuwa ameshaacha kutania. Kisha akainuka ghafla, akaenda nyuma ya hema, akaishika kamba ya hema kwa mikono miwili kama mtu anayezuia lisipeperuke. Kambi nzima ilimsikiliza. Hakuna aliyecheka.

Aliporudi, Sajini Ambrosi alimtazama kuanzia viatuni hadi kichwani.

"Ndugu yangu, ulikuja kumtetea mama huyu au kumnyonga?"

Kalinga, mnyapara wa kambi, alisimama juu ya jiwe ndani ya koti lake refu la jeshi. Yeye hakuwa na dalili ya ugonjwa. Mnyapara hali na wapiga sururu; alikuwa na nyama yake aliyoikausha juu ya moto wa kibanda chake.

"Mmeona wenyewe!" alisema. "Mimi nilisema tangu jana. Mkebe wa dawa ya kupe, ile ya kuoshea maksai, haupo stoo. Umekwenda wapi? Umekwenda kwenye sufuria."

Watu waliguna. Dawa ile waliijua. Ilikuwa na arseniki, na mwaka uliopita maksai mmoja alilamba ndoo iliyosahaulika akafa akiwa bado amefungwa kwenye mkokoteni.

"Jioni mzee wa mwavi atafika," Kalinga aliendelea. "Mtu kashatumwa bondeni tangu usiku. Mama huyu atakunywa. Akitapika, hana neno, tutamwomba radhi. Asipotapika, basi. Kambi nzima tumetapika, mpaka Injinia, yeye tu ndiye mzima. Mtu wa namna gani huyo?"

"Kiapo cha mwavi kimekatazwa na serikali," Sajini alisema.

"Serikali ni watu wangapi hapa, Afande? Namwona mmoja."

Sajini alihesabu kwa macho yake wanaume waliokuwa na sururu magotini. Alimshika Lutengano kiwiko, akamvuta mpaka mlangoni pa stoo. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwa Lutengano. Aliondoka nao alipokwenda mjini, na hapakuwa na mwingine. Kufuli lilikuwa limelala vilevile, limetanda umande wa ukungu. Wakafungua, wakapekua. Kamba, vigingi, mafuta ya taa, baruti kwenye sanduku lake. Pale palipokaa mkebe wa dawa ya kupe palibaki duara jeupe juu ya ubao.

Sajini alipiga mluzi mdogo.

"Haupo."

"Haupo," Lutengano alisema. Alikuwa amekiangalia kiganja chake cha kulia, akikikunja na kukikunjua. "Mtu aliyekula arseniki huanza kufa ganzi wapi, Ambrosi?"

"Sijui. Unaonaje?"

"Naona nataka kuongea na mpishi nikiwa bado naweza kuongea."

*

Apolonia aliwatazama wakija. Alikuwa mwanamke mnene wa makamo, meno ya pembeni yamekwisha, rozari ya mbao shingoni.

"Kamwene, mama," Lutengano alimwamkia kwa Kihehe chake cha kubabaisha.

"Kamwene. Umetapika vizuri, mwanangu?"

"Vizuri sana."

"Afadhali. Nilikuwa na mtetezi mmoja mlima mzima, naye kaenda kujifanya shahidi wao."

"Mama, nina nusu ya siku, pengine pungufu. Niambie ulivyopika jana. Usiruke kitu."

"Niruke nini? Gunia lilelile tulilotoka nalo Ipogolo. Nililoweka usiku, asubuhi nikabandika. Maji ya kijito kile mnachokunywa wote. Chumvi. Yakaanza kutokota, nikashika rozari. Rozari moja nzima yakiwa yanatokota, kisha nikaepua, nikafunika, nikayaweka kwenye sanduku lako."

Sajini aliinua nyusi. "Sanduku lako?"

Lutengano alionyesha kwa kidevu. Nyuma ya mafiga palikuwa na kasha la mbao lililoshindiliwa nyasi kavu, katikati shimo la ukubwa wa sufuria. Lilikuwa fahari yake. Kule Ipogolo, kambi yao ya awali chini kabisa ya hapa, kuni zilipokuwa adimu, alikaa na penseli akapiga hesabu ya jinsi chungu cha moto kinavyopoa, nyasi zishindiliwe unene gani, kipoe polepole kiasi gani. Sufuria ikachemka kidogo, ikaingizwa ndani, ikajipika yenyewe mpaka adhuhuri. Watu waliacha kazi kuja kushangaa.

"Wewe ndiye uliyeniambia," Apolonia alisema. "'Mama, rozari moja, kisha kalale, nyasi zitakupikia.' Ipogolo zilinipikia, kambi nzima ilinenepa."

"Na huku kwa nini usiyaache motoni?"

"Kuni ziko wapi? Tazama nyika hii, nyasi tupu. Kalinga hunipa kuni za kuwashia sigara."

Lutengano alichota punje chache kutoka kwenye sufuria, akazibana kwa vidole. Ganda liliteleza laini. Ndani punje ilikuwa ngumu na nyeupe, kama kipande cha sabuni. Akaibana nyingine. Hivyo hivyo.

"Wewe jana ulikula nini?" aliuliza.

"Hayohayo."

Sajini Ambrosi alimgeukia kwa ghafla. "Mama! Hawa watu wanasema jana uliwaambia hukula!"

"Nani? Mimi niliulizwa, 'Umetapika?' Nikasema sikutapika. Hakuna aliyeniuliza kula."

"Na kwa nini hukusema?"

"Nimefungwa kamba, watu wanapiga kelele mwavi, mwavi. Ningesema nimekula nisidhurike, si wangenimaliza palepale?"

"Ulikula kutoka sufuria hii?" Lutengano alichuchumaa mbele yake. "Fikiri vizuri, mama."

"Kabla sijaiingiza sandukuni nilichota yangu kidogo, nikayatia kwenye kijungu. Mimi meno yangu hayawezi ubishi. Nikakiacha pale pembeni ya mafiga, na vijiti viwili vitatu, kikawa kinachemka mpaka mlipoanza kuanguka. Nilikula rojo tupu."

Lutengano alisimama. Akaingia hemani kwake akatoka na kijaluba cha ngozi. Ndani kilikaa kipimajoto kirefu cha kioo, kile wapimaji wanachochemshia maji kujua wamepanda mlima kiasi gani. Birika la chai lilikuwa bado linatokota motoni. Akakitumbukiza, akangoja, akasoma, akakikausha kwa shati.

"Ambrosi, maji haya yanachemka?"

"Yanaruka mpaka nje."

"Lakini hayana moto. Au tuseme moto wake ni wa chini kuliko wa Ipogolo, digrii kama saba za Farenhaiti. Ukipanda mlima hewa inakuwa nyepesi, haiyakandamizi maji, basi yanaruka mapema kabla hayajapata moto kamili. Ukiongeza kuni yanaruka zaidi, moto ni uleule. Ndiyo maana chai ya hapa haikolei. Ndiyo maana kila mtu analalamika viazi vya Uporoto vina roho ngumu. Nimekisoma kipimo hiki mara ngapi kwa ajili ya barabara, nisikumbuke kuna mtu anapika!"

"Digrii saba ndizo zimwangushe Fanueli?"

"Zenyewe peke yake, sidhani. Lakini rozari ni ileile, moto ni pungufu, kisha sufuria ikaingia sandukuni ikiwa imeshapungukiwa, na upepo wa huku unaotoboa hata mbao. Hesabu yangu ilikuwa ya Ipogolo. Maharage mekundu yakibaki vuguvugu hivyo yanalainika ganda, ndani mabichi. Na maharage mabichi yanatapisha mtu. Bibi yangu alikuwa akitupiga kwa kuyatafuna."

Sajini alikaa juu ya kisiki. Alikuwa askari mzuri, na askari mzuri hafurahii jambo upesi.

"Sawa. Sasa nisikilize mimi. Alichota chake kwanza. Kisha akatia sumu kwenye ile sufuria kubwa, akala chake salama. Hadithi yako inafaa, yangu nayo inafaa. Na mkebe haupo."

Apolonia alimtazama Lutengano. Kwa mara ya kwanza alizishika shanga za rozari kwa mikono yake iliyofungwa.

"Yangu na yako zinatofautiana mahali pamoja," Lutengano alisema taratibu. "Ubichi unaisha kwa moto. Arseniki haiogopi moto, hata uichemshe mpaka Pasaka. Tukichukua mabaki haya haya, sufuria hii hii, tukayachemsha yakavurugika kabisa, kisha mtu akala..."

"Mtu gani?"

Lutengano alifunika sufuria. Aliangalia tena kiganja chake.

"Mtu gani, Injinia?"

*

Kuni zilitoka kwa Lutengano mwenyewe. Alivunja vigingi vya kupimia barabara, kazi ya wiki nzima, akavisukuma chini ya sufuria. Juu ya mfuniko akapanga mawe mazito ili mvuke usipate njia rahisi ya kutoka na maji yapate moto zaidi. Sufuria ikanguruma. Watu walisogea, kisha wakasogea tena, mpaka duara likawa dogo na joto la moto likawagusa wote.

Mzee wa mwavi alifika wakati ukungu ulipoanza kupanda kutoka bondeni. Aliketi kwenye ukingo wa duara, akaweka kibuyu chake kati ya miguu, akaanza kukoroga kwa kijiti. Harufu chungu ya magome ilichanganyika na ya maharage. Ukungu ukafunika lori, ukafunika stoo, ukafunika hema la Fanueli. Kukoroma hakukusikika tena, na hakuna aliyethubutu kwenda kuangalia kwa nini.

Lutengano alifunua. Maharage yalikuwa yamepasuka yote, mchuzi mzito. Akajaza bakuli.

Kijiko kilikwenda juu, kikasimama. Mkono ulikuwa ukitikisika kiasi cha mchuzi kumwagika kwenye suruali.

"Baridi," alisema.

"Ndiyo, baridi," Sajini alisema. Jasho lilikuwa likimtiririka Sajini mwenyewe.

Lutengano akala. Alimaliza bakuli, akaligeuza chini juu watu waone, akaketi mbele ya Apolonia, akajifunga blanketi.

"Asubuhi hazikupita hata rozari mbili kabla sijatapika," alimwambia. "Salisha, mama. Tuone nitafika wapi."

Apolonia alisali kwa sauti. Wakatoliki waliokuwamo walianza kuitikia kwa chini, kisha Walutheri nao wakaona kukaa kimya ni hatari zaidi, wakaitikia palipowezekana. Rozari ya kwanza ikapita. Kijiti cha mzee kiliendelea kuzunguka kibuyuni. Katikati ya rozari ya pili tumbo la Lutengano lilinguruma, na watu wa mbele waliruka nyuma wakaangukiana.

Lutengano alishika mdomo. Akangoja. Akaondoa mkono.

"Njaa," alisema. "Nimetapika tangu asubuhi, mnataka linyamaze?"

Mmoja alicheka, cheko la woga lililotoka puani. Rozari ya pili ikaisha. Ya tatu ikaanza, ikaisha. Injinia alikuwa bado ameketi, akiomba maji ya kunywa.

Ndipo hema la Fanueli likafunuka. Watu waliona mkono kwanza, ukipapasa kwenye ukungu, na mtu mmoja akapiga yowe. Kisha sauti ya kukwaruza ikasema, "Mbona mnaimba? Nani kafa? Nipeni uji."

Sajini Ambrosi alitoa kisu, akaikata kamba mikononi mwa Apolonia. Hakuna aliyemzuia. Lutengano aliwaeleza kwa ufupi habari ya moto na mlima, na chai isiyokolea, na viazi. Vichwa vikatikisika, maana viazi kila mtu alivijua.

"Na sanduku ni la nani?" Kalinga aliuliza kutoka jiweni.

"Langu," Lutengano alisema. "Aliyewatapisha ni mimi. Mkitaka kunidai, nidaini."

"Basi mkebe?"

"Hapo ndipo hata mimi nina swali," Sajini alisema, akiwa amegeuka polepole. "Mnyapara, stoo ilifungwa, ufunguo ulikuwa Mbeya pamoja na Injinia. Sisi tumefungua leo ndiyo tukaona pako wazi. Wewe umesema tangu jana haupo. Ulichungulia wapi?"

Kalinga aliangalia kulia, akaangalia kushoto. Duara lilikuwa limeacha kumtazama mama Apolonia.

"Nyumbani kwako kuna ng'ombe," sauti moja ilisema kutoka ukunguni. "Juzi niliwaona wameoshwa."

"Ng'ombe wangu si kesi ya leo!" Kalinga alipaza sauti, akashuka jiweni, akaenda kusimama karibu na mzee wa kibuyu. "Msizungushwe na hesabu alizosomea Kampala! Mzee kapanda mlima, dawa imekorogwa. Imekorogwa haimwagwi. Mila ni mila. Waliotapika tunawajua, hawana neno. Asiyetapika anywe! Au kuna mwenye hoja?"

Wengine walianza kuguna kwa kukubali, maana kweli dawa ilikuwa imekorogwa. Sajini alipeleka mkono kwenye mkanda. Lutengano alitaka kusema, lakini Apolonia alikuwa ameshasimama, akijisugua vifundo vya mikono. Alikwenda moja kwa moja mpaka kwa mzee, akajaza kikombe kutoka kibuyuni, akakibeba kwa mikono miwili kwa adabu kama anayempelekea mgeni pombe, akapiga goti mbele ya Kalinga.

"Kambi hii wasiotapika tuko wawili, Mnyapara," alisema. "Na mkubwa ndiye hunywa kwanza. Karibu."